Begi la Kusaka Kopo, na Nani Abebe Nini

Mwezi huu tuwaache kidogo wale wapenzi wasiopokea simu, tuongee kuhusu begi. Ndiyo, begi. Mapenzi yamo humohumo, vumilia tu.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua kwamba mwaka jana binti wa mume wangu alikuja kuishi nasi. Ana miaka 12. Kwa hiyo mimi ni mama wa kambo, na uzito wa neno hilo huujui mpaka ubandikwe mwenyewe. Mtoto hana tabu. Anasalimia, anaosha vyombo, ananiita anti. Lakini muulize chochote, jibu ni "poa" au "sijui". Tukitoka wikiendi, baba yake macho kwenye mpira, mdogo wake wa miaka sita kwenye bembea, yeye na simu yake pembeni, na mimi na chipsi zinazopoa. Tumetoka pamoja, ila kila mtu kivyake.

Shoga yangu mmoja aliyeishi Ujerumani ndiye aliyenipa wazo. Akaniambia, "Watu wa kule wikiendi wanacheza jiokashingi." Nikadhani ni mazoezi ya kupunguza tumbo! Kumbe ni kusaka kopo. Mtu anaficha chombo chenye kidaftari ndani, anaweka namba za mahali kwenye intaneti, na wewe unakwenda kulitafuta kwa GPS. Ukilipata unaandika jina, unalirudisha palepale.

Mchezo huu ulianza mwaka 2000. Tarehe 2 Mei mwaka huo Marekani ilizima hitilafu ya makusudi iliyokuwa ikipotosha vipimo vya GPS kwa raia. Kesho yake tu, jamaa aitwaye Dave Ulmer akaficha ndoo porini karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, manati, kopo la maharage na vikorokoro vingine, akawaambia watu waje: chukua kitu, acha kitu. Leo makopo yaliyofichwa duniani yamepita milioni 3. Tanzania yapo pia, ila si mengi kama Ulaya, hivyo angalia programu kabla hujajaza mafuta.

Basi bwana, safari ya kwanza nilifungasha begi kama naenda kitchen party. Kila kitu ndani, na kila kitu mgongoni kwangu. Simu nimeshika mimi, maji mimi, ramani mimi. Tulikwenda upande wa Bagamoyo (mahali hasa sisemi, nisikuharibie utamu). Binti akagoma kushuka garini. Zikiwa zimebaki mita 200, simu ikazima. Tukarudi Dar kimya, utasema tumetoka msibani.

Usiku mume wangu akaniambia, "Mke wangu, leo ulitupakia kama abiria. Abiria kazi yake ni kushuka tu." Iliniuma, maana ilikuwa kweli. Nikamwaga begi lote kitandani, nikapanga upya. Safari hii nilijiuliza pia nani atabeba nini.

Simu na pawabenki, kwa baba. GPS yenyewe haili bando, kwa sababu simu inapokea mawimbi ya setilaiti. Kinachokula bando ni ramani, kwa hiyo ipakue nyumbani. Na usitegemee ikufikishe juu ya kopo. Chini ya miti inaweza kukosea mita kadhaa, na hapo macho ndiyo yanaanza kazi.

Vitu vya kubadilishana, kwa mdogo. Gololi, bangili, vibanio vya nywele, vigari, sarafu za nje. Ukichukua kitu, acha chenye thamani ileile au zaidi. Chakula usiweke kamwe, kinaita siafu na panya. Viberiti, visu na dawa navyo marufuku.

Firimbi, kwa kila mtoto shingoni. Mipulizo mitatu maana yake nahitaji msaada. Na wafundishe: ukipotea, simama hapohapo.

Huduma ya kwanza na maji, kwangu. Plasta, dawa ya kusafishia kidonda, dawa ya mbu, na kile kikoleo chako cha kung'olea nyusi, maana hakuna kinachotoa mwiba vizuri kama hicho. Nguo ni suruali ndefu na viatu vya kufunika. Fimbo ni muhimu: mkono usiingie kwenye shimo au chini ya jiwe kabla fimbo haijatangulia. Nyoka na nge hawajui kwamba mnacheza.

Kiroba cha taka, kwa zamu. Wachezaji wa mchezo huu wana desturi ya kuokota taka njiani wakirudi. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa tupu bado zimejaa kila kichaka.

Penseli, kwa binti mkubwa. Kwa nini penseli? Kalamu ya wino husumbua karatasi ikiwa na unyevu, na makopo mengi madogo yana karatasi tu. Bila jina kwenye karatasi, hujapata kitu. Nikamkabidhi pamoja na kichongeo, nikamwambia, "Hii ikisahaulika, safari yote imekufa." Akasema "poa".

Wiki mbili baadaye tukarudi. Binti akashuka garini, penseli sikioni kama fundi seremala. Hatujafika mbali, mzee mmoja akatusimamisha: "Mnatafuta mali ya Mjerumani?" Si unajua tena, huku kwetu ukionekana unapekua vichakani, watu wanajua umekuja kuchimba hazina. Tukamwamkia, tukamweleza, tukamwonyesha simu. Kanuni za mchezo zinakataza kufukia kopo, hatukuwa hata na jembe. Mzee akacheka, akatuacha tupite. Nakushauri usijifiche fiche. Salamu kwanza, na penye mwenyewe omba ruhusa.

Tulizunguka nusu saa. Baba watoto anasema "hapahapa", simu nayo inacheza. Mara firimbi ikalia mara tatu, moyo ukanipasuka, nikakimbia. Kumbe ni mdogo, amesahau maana yake kwa furaha: "Dada kaliona!"

Binti alikuwa amechutama, kopo mapajani. Akaandika taratibu, akanipa nisome kabla hajalifunga. Tarehe, halafu: "Baba, mama mdogo, mdogo wangu na mimi. Asante kwa kopo."

Mama mdogo. Nikajifanya natafuta maji kwenye begi.

Kesho yake aliniita anti kama kawaida, na sikudai. Ila Ijumaa iliyofuata nilimkuta sebuleni anachonga penseli. Sikumuuliza kitu. Akasema mwenyewe, "Wikiendi hii tunakwenda wapi?"

Kama karibu yenu hakuna kopo, ficheni la kwenu kwenye shamba la bibi, mwandikie mwenzako namba zake, watoto wasake. Begi lote linaweza kutoka ndani ya nyumba yako. Cha muhimu ugawe mzigo, na yule aliyekaa mbali zaidi umpe kile ambacho bila hicho hamwendi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.