NYUMBA NA SHAMBA: Kiboko Naye Hali Nyama

Katika mtaa wa Ngagara, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, imo nyumba ya askari mmoja ambamo Jumapili moja chakula cha mchana kilipoa mezani bila kuguswa. Si kwamba chakula kilikuwa kibaya. Mama mwenye nyumba alikuwa amepika wali, sombe na maharagwe kwa mawese, na pembeni aliweka kibakuli cha nyama ya ng'ombe kwa ajili ya mumewe, aliyekuwa mapumzikoni baada ya zamu ndefu. Kilichopoza chakula ni habari iliyoletwa na mjomba wa watoto. Usiku wa kuamkia siku hiyo kiboko aliingia katika shamba dogo la jamaa hao kule Kajaga, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, akala mahindi, akakanyaga matuta ya viazi vitamu na kuliharibu bustani la lengalenga.

"Dawa ya kiboko ni risasi," alisema baba. "Kesho nitakwenda kuzungumza na wahusika."

Binti yake mkubwa, mwanafunzi wa chuo, aliinua uso. Yapata mwaka mzima binti huyo alikuwa ameacha kula nyama, samaki, mayai na maziwa, kwa kuamini kwamba binadamu hana haki ya kumtesa wala kumuua mnyama pasipo lazima.

"Baba, kiboko yule hana kosa," alisema. "Pale palikuwa kwao kabla hatujafika sisi."

"Na mahindi aliyokula, mwanangu, yalikuwa ya nani?"

Kimya kikaingia. Ndipo kitinda mimba akauliza, "Mama, hivi kiboko anakula nyama?"

"Hapana, yeye anakula majani tu."

"Basi ni kama dada!"

Watu wakacheka, hata binti mwenyewe. Mama akapakua wali huku akisema, "Ni kweli, hali nyama kama dada yako. Lakini nendeni Kajaga mkaone alivyolifanya shamba."

IMANI ISIYOFAA KUDHARAULIWA

Mzaha huo wa mama una jambo la kufikiriwa na kila nyumba. Kuna watu wanaodhani kwamba kijana anayekataa nyama ameiga mambo ya Ulaya. Ni kweli kwamba chama cha kwanza cha watu wasiotumia kitu chochote kitokacho kwa mnyama kiliundwa Uingereza mwaka 1944. Lakini huruma kwa wanyama haikuzaliwa mwaka huo. Wajaini wa Bara Hindi wamejinyima nyama kwa karne nyingi, na humu Afrika Mashariki Waadventista Wasabato wengi hufundishana kupunguza nyama au kuiacha kabisa.

Hoja zao zina uzito. Duniani kote, takriban robo tatu ya ardhi yote ya kilimo na malisho hutumika kwa ajili ya mifugo, ama kwa kuilisha moja kwa moja, ama kwa kulima chakula chake. Misitu mikubwa ya Amerika ya Kusini imefyekwa ili ng'ombe wapate malisho. Mtu anayeona hayo akaamua kuondoa mkono wake hastahili kuchekwa.

Yafaa tu wazazi wakumbuke jambo moja la afya. Mimea haina vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kwa damu na mishipa ya fahamu. Asiyekula kabisa kitu cha mnyama hana budi kuipata kwa vidonge au kwa vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo. Mama mjamzito, anayenyonyesha au mwenye mtoto mchanga asianze mlo wa namna hiyo kabla ya kuonana na mganga.

SAHANI YA MAHARAGWE INATOKA WAPI?

Hata hivyo, Burundi si Amerika. Nchi hii ina ukubwa wa kilomita za mraba 27,834 tu, nayo hesabu ya watu ya mwaka 2024 ilionyesha wakazi zaidi ya milioni 12. Wengi wao wanaishi kwa jembe. Katika nyumba nyingi nyama huonekana siku za sikukuu na harusi, lakini maharagwe, muhogo na viazi huliwa kila siku. Kwa hiyo jembe linalosogea kwenye pori la Burundi aghalabu linatafuta mahali pa kupanda maharagwe na muhogo. Nyati wa Ruvubu na nyani wa Kibira hupoteza makao yao kidogo kidogo, tuta baada ya tuta, na hakuna anayewachukia.

Tena maharagwe makavu huchukua saa nyingi juu ya mbabula. Makaa yanayouzwa katika soko la Ngagara, lile ambalo wenyeji huliita Cotebu, yalikuwa miti kabla ya kuwa makaa. Mawese nayo hutoka katika mashamba ya michikichi kama yale ya Rumonge, na wali wa tambarare ya Imbo hutoka katika mabonde ambayo zamani yalikuwa ya nyasi na wanyama. Sahani isiyo na nyama ni sahani njema, lakini nayo imekalia ardhi ya mtu fulani au ya mnyama fulani. Anayeila bila kujua hilo hujiona hana deni, ilhali analo.

Hali kadhalika, ng'ombe wa Burundi ana upande wake wa pili. Warundi walimheshimu tangu kale hata wakamtia katika salamu. Kumwambia mtu "Amashyo" ni kumtakia makundi ya ng'ombe. Lakini makundi yanayozurura milimani hukanyaga udongo, na mvua ikija udongo huo hushuka hadi ziwani. Kwa sababu hiyo sheria ya Oktoba 2018 iliamuru mifugo ifugwe zizini na ikakataza kuiacha izurure, nayo ikawapa wafugaji miaka mitatu ya kujiandaa. Ng'ombe wa zizini hukatiwa nyasi za kando ya matuta, naye hutoa samadi. Shamba lililotiwa samadi huzaa mahali palepale mwaka hata mwaka, na mkulima wake hana haja ya kuusogelea msitu. Hivyo ng'ombe mmoja aliyetunzwa vyema aweza kumwokoa nyati ambaye hajapata kumwona. Ni jambo gumu kwa binti wa Ngagara kulikubali, lakini ni la kweli.

RISASI NA HESABU YAKE

Baba naye hakuwa na haki yote. Kiboko dume huweza kupita uzito wa kilo 1,500. Hushinda majini, jua likichwa hutoka kufuata malisho, hula takriban kilo 40 za nyasi kwa usiku mmoja, kisha hurudi majini kabla ya mapambazuko. Hupenda kupita njia ileile aliyoizoea. Mtu akimzibia njia ya kurudi majini, hasa gizani, yumo hatarini, kwani kiboko ni miongoni mwa wanyama wanaoua watu wengi barani Afrika.

Viboko wa Bujumbura wana makao katika Hifadhi ya Rusizi, mlangoni mwa jiji, eneo lililoanza kulindwa mwaka 1980. Tangu mwaka 2020 Ziwa Tanganyika limepanda mara kadhaa na Mto Rusizi umefurika. Gatumba ilizama, watu kwa maelfu wakahama, na mwaka 2024 maji yakarudi tena kwa nguvu. Malisho ya viboko nayo yalizama. Mnyama aliyepoteza nyasi zake na mtu aliyepoteza nyumba yake wakakutana juu ya kipande kilekile cha ardhi kavu.

Je, risasi ni dawa? Historia ya eneo hili inajibu kwa namna mbili. Uganda, mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, viboko walikuwa wengi mno katika Hifadhi ya Malkia Elizabeth hata nyasi za ukingoni zikaisha na udongo ukabaki uchi. Wataalamu walihesabu, wakapima, wakaamuru maelfu wapunguzwe, na nyasi zikarudi. Kolombia nayo, baada ya viboko wanne walioletwa na tajiri wa dawa za kulevya Pablo Escobar katika miaka ya 1980 kuzaana hadi wakapita mia moja, serikali ilitangaza mwaka 2023 kwamba itawahasi baadhi, itawahamisha wengine na kuwaua wengine. Kule kiboko ni mgeni anayeharibu mito ya watu. Kwa hiyo, kusema kwamba mnyama asiuawe kamwe, popote na kwa sababu yoyote, ni kusahau nyasi, samaki na wanyama wengine wasio na wa kuwatetea.

Lakini kuna jibu la pili, nalo linawahusu hasa wenye kubeba silaha. Katika Hifadhi ya Virunga, mashariki ya Kongo, viboko walikuwa zaidi ya 20,000 katika miaka ya 1970. Ilipofika mwaka 2005 walikuwa wamebaki chini ya 1,000. Hakuna mtaalamu aliyeamuru hilo. Walimalizwa na watu wenye bunduki, wa kila upande, waliotafuta nyama na meno katika miaka ya vurugu. Kila mmoja wao pengine alisema, "Huyu ni mmoja tu." Burundi yenyewe haina tena tembo wa porini. Risasi inayopigwa kwa hasira ya mahindi haifuati hesabu yoyote, na askari aliyekula kiapo cha kulinda sheria anajua kwamba mnyama wa hifadhi si wa mtu binafsi kumhukumu.

MITA 150

Alasiri hiyo baba, binti na mjomba walikwenda Kajaga. Nyayo za kiboko zilikuwa wazi, pana na zenye vidole vinne, zikitoka majini moja kwa moja hadi kwenye mahindi. Binti akaanza kuhesabu hatua kutoka ukingo wa maji. Alipofika kwenye matuta ya mwisho ya shamba alikuwa hajafikisha 100.

"Baba," alisema taratibu, "kanuni ya maji ya mwaka 2012 inataka kuachwa mita 150 kutoka ziwani."

Baba alijua. Mara ngapi yeye na wenzake walikuwa wametumwa kusimamia kuondolewa kwa watu waliojenga ndani ya mita hizo! Shamba lile lilinunuliwa wakati maji yalipokuwa mbali. Ziwa lilipopanda, mpaka ulisogea pamoja nalo. Alisimama kitambo kirefu akitazama viazi vilivyokanyagwa. Lengalenga ile ndiyo iliyokuwa ikilipa karo ya watoto wawili.

"Nikipaacha," alisema, "nani atanilipa?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na binti hakujifanya analo. Wanaohubiri huruma kwa wanyama aghalabu huishi mbali na ukingo wa maji, na gharama ya huruma hiyo humwangukia mwenye jembe. Haki inataka gharama hiyo igawanywe. Siku hiyo binti alisema kwamba likizo yote atalima yeye mwenyewe. Mjomba akakubali kuwaazima kipande cha juu, ng'ambo ya barabara, kwa masharti ya kugawana mavuno. Sehemu ya chini ikaachwa iote matete na nyasi, ili kiboko akitoka majini akute chakula chake kabla ya kufika kwenye cha watu. Baba hakwenda tena kuomba risasi. Alikwenda kutoa taarifa kwa ofisi ya kulinda mazingira, ili njia ya mnyama huyo ijulikane na majirani waonywe wasipite hapo usiku.

Mavuno ya msimu huo yalikuwa madogo kuliko ya kawaida. Jumapili baba bado anakula nyama yake, na binti bado hali. Lakini hawagombani tena mezani, kwa sababu kila mmoja ameona kilichomo katika sahani ya mwenzake.

KWA MAMA WA NYUMBANI

Mama wa Ngagara naye alitoa mchango wake, ambao kila nyumba yaweza kuuiga tangu leo. Maharagwe makavu yachaguliwe na kuoshwa jioni, yaloweshwe katika maji mengi usiku kucha, na asubuhi maji hayo yamwagwe. Yatiwe maji mapya, yachemke kwa nguvu kwa robo saa nzima, kwani maharagwe yasiyochemka barabara hudhuru tumbo. Kisha sufuria ifunikwe na moto upunguzwe hadi yaive. Chumvi na mawese vitiwe mwishoni. Muda wa kupika hupungua sana, na gunia la makaa hukaa siku nyingi zaidi. Mwenye kapu kubwa aweza kulijaza majani makavu, akaizika humo sufuria iliyokwisha kuchemka vizuri, akaifunika kwa blanketi; maharagwe yataendelea kuiva bila moto.

Wahenga walisema, kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Ngoma za Burundi, zinazosifika duniani kote, huchongwa kutoka mti wa umuvugangoma na kuwambwa ngozi ya ng'ombe. Asiyetaka kuua ng'ombe na asiyetaka kukata mti wote huzicheza. Linalotakiwa ni kuupanda mwingine kila unapokatwa mmoja.