Wacha Isinki, Usiguse Funguo

Wiki hii tena nimeona msee akiambia watu ati valideta ya Ethereum si kitu cha kuweka nyumbani Kenya, stima inapotea sana, kodi seva Ulaya ulale. Nakataa. Na sikatai kwa sababu stima yetu ni nzuri. Huku Juja inapotea mpaka watu wanaweka mshumaa kando ya sufuria kama chumvi. Nakataa kwa sababu wanaogopa kitu kisicho na hatari kubwa, halafu dawa wanayopeana ndiyo inamaliza mgonjwa.

Juu ya kabati kwa bedsita yangu kuna kompyuta ndogo, saizi ya mkate wa gramu 400. Pesa iliyomo si yangu. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ikinishinda, ETH 32 ningetoa wapi? Ni za binamu yangu, muuguzi aliye Texas. Alizinunua 2020 wakati ETH moja ilikuwa karibu dola 200. Yeye analipa intaneti na tokeni za stima, mimi nalinda mashine, na kila mwezi ananitumia kitu kidogo. Nikikosea, nimechezea zamu za usiku za mtu wa damu yangu.

Agosti 2024 stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena kabla dakika moja iishe. Betri ya akiba ilikuwa imekufa, na nilikuwa nimeambiwa niibadilishe tangu Aprili (hiyo ni yangu, naibeba). Data ya Geth ikaharibika. Hapo ni kufuta yote na kusinki upya, yaani kuvuta na kukagua data inayokaribia tera moja, kwa laini ya Mbps 40 ambayo nagawana na majirani wawili wanaopenda muvi. Piga hesabu, hizo ni siku 3.

Kwa wale hawajawahi kuona hii kitu: tangu Ethereum iachane na uchimbaji Septemba 2022, nodi ya nyumbani inaendesha programu mbili. Ya makubaliano, kwangu ni Lighthouse, ukiipa mahali pa karibuni pa kuanzia inakuwa sawa kwa dakika chache. Ya utekelezaji, hiyo Geth, ndiyo inavuta. Na mpaka imalize, valideta haipigi kura, kwa sababu haiwezi kuapia bloku ambayo nyumba yake haijakagua. Kura ni moja kila dakika 6 na sekunde 24. Ukifungua ukurasa wa valideta yako unaona nyekundu, nyekundu, nyekundu.

Binamu akapiga saa nane usiku.

"Wewe kijana, mbona naona nyekundu tu?"

"Dada, inasinki."

"Inasinki mpaka lini? Kuna watu huku wanashikia watu valideta. Wape funguo iendelee kwao, yako ikimaliza tutarudisha."

Manze, nilikaribia kukubali. Ukiwa kijana umeaminiwa na pesa ya mtu mkubwa, kila nyekundu ni kama kofi. Lakini nikakumbuka kitu kimoja. Ile mashine ya kabati nimeipanga ijiwashe yenyewe stima ikirudi, na ikimaliza kusinki inaanza kupiga kura bila kuniuliza. Tuseme inamaliza saa kumi alfajiri nimelala, na ile ya Ulaya iko kazini. Funguo moja, mashine mbili. Kura zao zikitofautiana ndani ya duru ile ile, mtandao unakuhesabu mwizi, na unafyekwa. Wakati huo kufyekwa kulianza na 1/32 ya amana, ETH 1 papo hapo. Tangu mabadiliko ya Mei 2025 adhabu hiyo ya kwanza imeshushwa sana, lakini bado unafukuzwa, pesa inafungiwa kama siku 36, na funguo hizo hazirudi kazini tena.

Sasa linganisha na kuzima tu. Ukizima saa kumi unapoteza kidogo kuliko ungepata ndani ya saa hizo kumi. Washa, kaa saa kumi, umerudi karibu pale pale. Adhabu inapanda haraka pale tu zaidi ya theluthi ya mtandao wote imezima pamoja. Na theluthi haiwezi kuzima juu ya transfoma ya Juja. Inazima watu wote wakijazana kwa seva za kampuni mbili tatu. Novemba 2022 Hetzner, kampuni ya seva ya Ujerumani, ilifungia nodi za Solana, na zaidi ya sehemu moja kwa tano ya amana ya mtandao huo ikatoka kazini kwa mpigo. Hapo ndipo mnataka sote tuhamie?

Kile nilifanya ni kuazima macho. Kuna rafiki yangu Ruaka ana nodi iliyosinki. Siku ya pili tuliunganisha kwa njia ya siri kati ya nyumba zetu, nikaelekeza valideta yangu isome mtandao kutoka kwa nodi yake. Funguo hazikutoka kabatini. Hatari iko, sitawaficha: zamu yangu ya kutoa bloku ikifika, nodi yake ingeweza kujiandikia zile ada. Kwa hivyo usiazime kwa msee umemjua kwa simu tu. Huna rafiki kama huyo? Zima, enda ukalale.

Siku ya nne asubuhi Geth ikamaliza, nikarudisha anwani ya nyumbani. Hasara yote haikufika ETH 0.01. Nikamtumia binamu picha ya skrini ikiwa kijani yote.

Akajibu baada ya zamu yake: "Sawa. Na ile betri?"