Lalla Meryem: Afrika yaandaa tenisi, wengine wabeba taji

MASHINDANO ya tenisi ya wanawake ya Lalla Meryem, yanayofanyika Rabat, mji mkuu wa Morocco, yamejipatia sifa isiyo ya kawaida. Kuanzia 2019 hadi 2025 yalichezwa mara tano, na mara zote tano bingwa wa mchezaji mmoja mmoja alikuwa mtu ambaye hajawahi kutwaa taji lolote katika ngazi kuu ya Chama cha Tenisi ya Wanawake duniani, WTA.

Maria Sakkari wa Ugiriki alitangulia mwaka 2019. Mashindano yakasimama kwa miaka miwili kutokana na janga la Uviko-19, kisha wakaja Waitalia wawili, Martina Trevisan mwaka 2022 na Lucia Bronzetti mwaka 2023, Mmarekani Peyton Stearns mwaka 2024, na Maya Joint wa Australia, msichana wa miaka 19, mwaka 2025. Kwa wote hao, mlango wa mafanikio ulifunguliwa katika ardhi ya Afrika. Tangu mashindano yaanze mwaka 2001, hata hivyo, hakuna binti wa Afrika aliyepita katika mlango huo.

Yalianzia Casablanca, na Zsófia Gubacsi wa Hungary akawa bingwa wa kwanza. Wakati ule yalihesabiwa miongoni mwa mashindano ya madaraja ya chini kabisa katika kalenda ya WTA, na hata leo yamo katika kundi la 250, yaani bingwa hupata pointi 250 ilhali bingwa wa Wimbledon huondoka na 2,000. Jina lake ni la Binti Mfalme Lalla Meryem, dada wa Mfalme Mohammed VI, na heshima hiyo ya kifalme huenda ndiyo iliyoyalinda yasife kama yalivyokufa mashindano mengi ya hadhi yake.

Hayakupata kutulia. Kutoka Casablanca yalihamia Rabat mwaka 2005, yakaenda Fes mwaka 2007, Marrakech mwaka 2013, na kurudi Rabat mwaka 2016. Mwaka huo huo mashindano ya wanaume ya Hassan II yaliondolewa Casablanca na kupewa Marrakech. Uhamaji wa namna hii huwanyima mashabiki nafasi ya kuzoea. Mtoto wa Fes aliyeanza kushika raketi kwa kuwaona nyota wa dunia uwanjani kwao, aliamka siku moja akakuta wamehamia mji mwingine.

Na Fes ndiko yalikotokea mambo ya kukumbukwa. Mwaka 2010 msichana wa Romania mwenye umri wa miaka 18, Simona Halep, alifika fainali akafungwa na Iveta Benešová wa Jamhuri ya Czech. Mwaka uliofuata alirudi, akafika fainali tena, akafungwa tena, safari hii na Alberta Brianti wa Italia, mkongwe wa miaka 31 ambaye hilo lilikuwa taji lake la pekee katika ngazi hiyo. Halep alikuja kushika nafasi ya kwanza duniani mwaka 2017, akatwaa Roland Garros mwaka 2018 na Wimbledon mwaka 2019. Watazamaji wa Fes walikuwa wamemwona akishindwa mara mbili kabla ulimwengu haujamfahamu.

Mwaka 2012, mjini humo humo, Kiki Bertens wa Uholanzi, aliyekuwa nje ya wachezaji 100 bora, alianzia mechi za mchujo na kumaliza akiwa na kombe mkononi.

Udongo wa Morocco ni maandalizi ya Roland Garros, mashindano makubwa ya udongo yanayofanyika Paris. Tangu 2022 Rabat imewekwa katika wiki inayotangulia Paris moja kwa moja, na hapo faida na hasara vimefungwa kamba moja. Nyota wakubwa hawaji, kwa kuwa hakuna anayetaka kucheza fainali Jumamosi huku Roland Garros ikianza kesho yake. Wanaobaki ni wale wenye njaa. Trevisan alitwaa taji lake hivyo mwaka 2022, akapanda ndege, na hakusimamishwa hadi nusu fainali ya Paris.

Kwa wenyeji hesabu ni ngumu zaidi. Upande wa wanaume, Morocco iliwahi kushangilia nyumbani: Hicham Arazi alitwaa taji la Casablanca mwaka 1997 na Younes El Aynaoui mwaka 2002. Wanawake wa Morocco wamekuwa wakiingia uwanjani zaidi kwa kadi za mwaliko, ambazo waandaaji hugawa wapendavyo. Kadi ya mwaliko humpa mchezaji mechi moja, pengine mbili. Haimpi makocha wala nauli ya mwaka mzima.

Mwafrika aliyekaribia zaidi ni Mayar Sherif wa Misri. Alifika fainali ya 2024, akalazwa na Stearns kwa seti mbili kavu, 6-2 na 6-1.

Tunisia ilipita njia ya kinyume. Haikuwa na mashindano ya ngazi hiyo wakati Ons Jabeur alipotwaa Roland Garros ya vijana mwaka 2011, wala alipokuwa mwanamke wa kwanza wa Kiarabu kushinda taji la WTA, mjini Birmingham, mwaka 2021. Monastir, katika mkoa alikozaliwa, ilipata mashindano yake Oktoba 2022, baada ya Jabeur kucheza fainali mbili kubwa mwaka huo, Wimbledon na Marekani. Huko mchezaji ndiye aliyeleta mashindano. Morocco imesubiri zaidi ya miaka 20 mashindano yalete mchezaji.

Kwa Afrika Mashariki, Rabat bado ni mbali kuliko ramani inavyoonyesha. Angella Okutoyi wa Kenya, bingwa wa Wimbledon ya vijana kwa wachezaji wawili wawili mwaka 2022 na mshindi wa dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra mwaka 2024, hana kadi ya nyumbani ya kumngoja Morocco. Anayeingia Rabat bila mwaliko wala mchujo kwa kawaida ni yule anayezunguka nafasi ya 100 duniani. Pointi za kufikia huko huokotwa moja moja katika mashindano madogo ya zawadi haba, mengi yakichezwa Monastir na Sharm El Sheikh, ambako mchezaji hujilipia nauli na malazi, na akitolewa raundi ya kwanza hubaki na deni.