Wahodhi wa Sauti

Mali iliyofukiwa haimlishi aliyeifukia wala haimfai jirani yake. Neno hili hukubaliwa upesi linaposemwa juu ya fedha au nafaka, lakini husahauliwa linaposemwa juu ya sauti. Kibaha na Kisarawe, kama penginepo mkoani Pwani, wako wakusanyaji wa kanda za dansi: nyimbo za bendi za zamani zilizonaswa ukumbini kwa redio kaseti iliyowekwa mezani, na siku hizi kwa simu ya mkononi, bila kibali cha bendi wala cha mtu mwingine. Wakusanyaji hao wana maadui wawili. Wa kwanza ni msomi anayewadharau. Wa pili ni nafsi zao wenyewe, na huyu ndiye mbaya zaidi.

Msomi husema kuwa kanda ya ukumbini ni kelele tupu: chupa zinagongana, vipaza sauti vinakwaruza, na walevi wanaitikia kabla ya zamu yao. Wimbo halisi, kwa maoni yake, ni ule uliorekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Hoja hii haina mguu wa kusimamia. Katika miaka ya 1970 na 1980 studio ile ilikuwa karibu mlango pekee wa bendi kurekodi nchini, na maneno ya nyimbo yalipitiwa kwanza na kamati. Santuri nazo zilikuwa na nafasi ya dakika chache kila upande, hata wimbo mmoja ukakatwa vipande viwili. Ukumbini hapakuwa na mkasi huo. Huko mwimbaji aliongeza maneno, akamtaja aliyemtuza, akarefusha kiitikio kwa kadiri ya hamu ya wachezaji. Na chemko, yaani ile sehemu ya pili ambapo magitaa hushika kasi, liliendelea mpaka miguu ichoke. Mwalimu wa fasihi simulizi huwafundisha wanafunzi wake kwamba ngano haikamiliki bila fanani na hadhira. Kwa nini basi kanuni hiyo ife mlangoni pa ukumbi wa dansi?

Ushahidi umelala Kisarawe. Muhidin Maalim Gurumo alizaliwa Masaki, katika wilaya hiyo, mwaka 1940, na huko huko alizikwa mwaka 2014. Aliimba katika NUTA Jazz, bendi iliyoundwa mwaka 1964. Akahamia Mlimani Park mwaka 1978. Akapita Orchestra Safari Sound. Kisha akairudia bendi ile ya NUTA, ambayo ilikuwa ikibadili jina kwa kufuata majina ya chama cha wafanyakazi, JUWATA na baadaye OTTU, mpaka ikaitwa Msondo Ngoma. Msondo, na Sikinde ambao ni mtindo wa Mlimani Park, yote ni majina yaliyotoka katika ngoma za Wazaramo, na “ngoma ya ukae” maana yake ni ngoma ya nyumbani. Basi ngoma ya Uzaramo ilipanda jukwaani ikashika gitaa. Kanda ya ukumbini ndiyo inayoonyesha jinsi ilivyopokewa na wenyewe, maana ngoma bila wachezaji ni mlio tu. Chuo kinachoitupa kanda hiyo kinatupa nusu ya somo.

Walakini kumshinda msomi si kumtakasa mkusanyaji. Yuko mwenye sanduku zima la kanda ambaye humwonyesha mgeni majalada tu, na hubadilishana na yule pekee mwenye kile asichokuwa nacho yeye. Fahari yake ni uhaba. Kila nakala inayotoka humpunguzia cheo. Lakini joto na unyevu wa pwani havijui cheo cha mtu. Kuvu hula utepe, utepe hunata, sauti hufifia. Na mwenye sanduku afapo, warithi huliuza pamoja na sufuria. Hujitetea kwamba bila yeye kanda zingepotea. Hiyo ni nusu ya kweli. Aliyemwokoa mtoto majini kisha akamfungia chumbani hajamwokoa. Mara ya kwanza alichukua bila kumwomba mwanamuziki. Mara ya pili amewanyima watu wote.

Kwingineko duniani ugomvi huu ni wa zamani. Marekani, bendi ya Grateful Dead iliwatengea wanasaji wa sauti sehemu yao ukumbini tangu mwaka 1984. Walibadilishana kanda, ila kuziuza haikuruhusiwa. Kanda ya Bob Dylan ya tarehe 17 Mei 1966 ilinadiwa kwa siri miaka mingi kuwa ya Royal Albert Hall, London, kumbe ilinaswa Manchester. Hata ilipotolewa rasmi mwaka 1998, jina lile la uongo lilibaki jaladani ndani ya alama za kunukuu. Ikiwa mtu mashuhuri kiasi hicho alipotezewa ukumbi wake, itakuwaje kanda ya Kibaha isiyo na hata neno moja juu yake?

Kwa hiyo mkusanyaji ana wajibu. Aandike tarehe, ukumbi, bendi na majina ya wapigaji. Amwendee mwanamuziki au warithi wake, kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 imempa msanii haki juu ya kunaswa kwa utendaji wake. Na pakiwapo senti ya mauzo, msanii apate fungu lake kwanza. Kisha atoe nakala mahali pa watu wote. Shirika la Elimu Kibaha lilianzishwa mwaka 1963, kwa msaada wa nchi za Nordik, ili kupambana na ujinga, maradhi na umaskini. Usahaulifu ni mtoto wa ujinga. Rafu moja ya kanda Kibaha, moja Kisarawe na moja chuoni si mzigo wa kuvunja bega la mtu.

Wazee wanaoweza kusikia gitaa moja wakamtaja mpigaji wake wanapungua kila mwaka. Gurumo hawezi kuulizwa tena. Waliobaki waulizwe wangali hai. Matangani ni mahali pa pole, si pa maswali.