Treni Yenye Akili na Wazee wa Reli



Iko jambo tulilobishania sana darasani. Mwalimu wa fizika alitueleza habari ya treni ya nguvu mbili: lokomotivi yake inavuta kwa umeme au kwa mazutu, tena iko na batri kubwa ndani. Ordinatere njo inachagua saa ya kutumia nguvu gani. Mwenzetu mmoja akacheka: «Ile ni ya Bazungu, kwetu hata taa haiwake!»

Sisi tunakataa. Kipande cha reli cha Likasi (wakati ule Jadotville) mpaka Tenke kilipata waya wa umeme wa volti 22 000 mwaka 1952, wakati treni mingi za Afrika zilikuwa zikila makaa na kuni. Na kobalti ya batri inatoka wapi? Si hapa Kolwezi?

Tupige hesabu. Treni ya tani 1 000 inayokwenda kilometa 36 kwa saa iko na nguvu ya mwendo karibu kilowati-saa 14. Ikisimama kwa freni za kawaida, ile nguvu yote inageuka joto na kupotea bule. Ingewasha balbu 10 za wati 10 masaa 140, ni kusema masaa mawili ya kusoma kila usiku, siku 70! Motere ya umeme inaweza kugeuka jenereta wakati wa kupunguza mwendo, na kurudisha sehemu katika batri. Si yote, lakini sehemu nzuri.

Hapo ndipo akili inatakiwa. Batri ikijaa mbele ya mteremko, haina nafasi ya kupokea kitu. Ikiwa tupu chini ya mlima, mazutu italipa. Basi mashine ijue njia: milima, kona, uzito wa mzigo. Na nani anajua hayo kwetu? Ni wazee waliozeeka ndani ya lokomotivi, wanaosikia kwa sikio mahali pa kupunguza. Mashine ikiletwa bila kuwauliza, tutakuwa na ordinatere mgeni kwenye reli yetu. Njo hofu yetu, juu wazee hao wanakwisha, na hatuoni anayeandika maneno yao.

Tunaomba bwana prefe aturuhusu kumwalika mzee mmoja wa reli siku ya Jumamosi. Madaftari tutaleta wenyewe. Anayetaka kuingia katika kundi atupe jina lake mbele ya Ijumaa.

Wanafunzi wa mwaka wa tano, Hesabu-Fizika