Goma: kabla ya kuwaletea watoto mpira, waleteeni mchanga

Kila jioni, katika mitaa ya Goma iliyofunikwa na lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, watoto wenyeji na watoto wa familia zilizokimbia vita hucheza mpira pamoja juu ya mawe. Ni mawe meusi, magumu, yenye ncha. Wengi hucheza miguu wazi, na mara nyingi mpira wenyewe ni sashe zilizofungwa kwa kamba. Furaha ipo, na ni haki yao. Shida huanza mtoto anapoanguka.

Wazazi wengi hulaumu mbio. Lakini mbio peke yake haivunji mfupa. Kinachovunja ni kusimamishwa ghafla. Mtoto wa kilo 30 akikimbia mita 4 kwa sekunde, mwili wake umebeba nguvu ya mwendo, yaani uzito mara mwendo. Akianguka, nguvu hiyo lazima iishe. Kwenye mchanga atateleza na kuzama kidogo; tuseme iishe kwa nusu sekunde. Hapo mwili unapokea kishindo kama cha mzigo wa kilo 24 hivi. Kwenye jiwe, yote yanaweza kuisha kwa sehemu moja ya 20 ya sekunde. Kishindo kinapanda mara kumi, karibu kilo 240: kama mifuko mitano ya simenti juu ya kiganja kimoja. Mtoto ni yuleyule, mbio ni ileile.

Golikipa mzuri anajua jambo hili hata kama hakufika kalasi ya fizikia. Mpira mkali ukija, anaurudisha kifuani pamoja na mikono, ili usimame polepole. Anayekaza mikono anaumia vidole, na mpira unamtoka. Vijana wa chukudu nao wanajua: chukudu iliyojaa makala ikiteremka haisimami haraka, hata ukikanyaga breki namna gani. Watoto wanaocheza kando ya mteremko wakumbushwe hilo.

Sasa, wenye kugawa misaada wanapenda kuleta mipira, jezi na mpiga picha. Mipira ni mizuri. Ila kamyo mbili tatu za mchanga, baada ya vijana wa mtaa kuvunja ncha za mawe, zingelinda watoto wengi zaidi. Vijana wa kuvunja mawe Goma hawakosekani. Na watoto wadogo wasipewe mpira namba 5 wa gramu 410 hadi 450, ambao ni wa wakubwa. Namba 4 unawatosha.

Kuna watakaosema familia isiyo na unga haina haja ya kiwanja. Lakini familia iliyoacha shamba na mbuzi Masisi au Rutshuru itatoa wapi pesa ya plasta? Mkono wa mtoto ukivunjika, mama anashinda hospitali badala ya kutafuta kibarua, na usiku huo nyumba nzima inalala njaa.

Wakati mchanga haujafika, wanaofundisha timu za mtaa wanaweza kuanza na somo lisilo na bei: namna ya kuanguka. Usinyooshe mkono kupokea jiwe. Kunja kiwiko, tanguliza bega, jiviringishe, maana kujiviringisha kunarefusha muda wa kusimama. Dakika kumi kabla ya mechi zinatosha. Ngozi itachunika, lakini mkono utabaki mzima.