Namba Itolewe kwa Kazi, Si kwa Jina

Tarehe 25 Septemba, 2024, katika Uwanja wa Sokoine mjini Mbeya, timu ya KenGold ya Chunya iliikaribisha Yanga ya Dar es Salaam katika mchezo wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara. Ulikuwa msimu wa kwanza wa wana Chunya katika ligi hiyo, na wengi nchini walitazamia mvua ya mabao. Mvua haikunyesha. Yanga ilishinda kwa bao moja tu, na bao hilo halikufungwa na yeyote kati ya washambuliaji wake wenye majina makubwa. Lilifungwa na mlinzi wa kati, Ibrahim Hamad, ambaye wapenzi wa kandanda humwita Bacca.

Tunaanza na mlinzi huyo kwa sababu historia yake inagusa swali ambalo limekuwa likiulizwa katika vijiwe vya mpira vya Nyanda za Juu Kusini tangu KenGold ipande daraja na kushuka. Swali lenyewe ni hili: mchezaji wa akiba asiyejulikana, ambaye kila wiki yumo katika mazoezi lakini hayumo katika kumi na mmoja wa kwanza, anastahili kupewa namba ya kudumu? Na kama anastahili, nani atajua, na kwa kipimo gani?

Bacca alijiunga na Yanga mwezi Januari 2022 akitokea KMKM ya Zanzibar. Alikuta nafasi ya ulinzi wa kati ina wenyewe: nahodha Bakari Mwamnyeto na Dickson Job, wote wawili wachezaji wa Taifa Stars. Akakaa benchi. Hapakuwa na dhuluma yoyote katika jambo hilo, maana mgeni hapindui nyumba siku ya kwanza. Lakini muda ulipopita akaanza kupangwa, na kupangwa kukazaa kupangwa, hata ikafika msimu wa 2023/24 ambapo ilikuwa vigumu kuifikiria ngome ya Yanga pasipo yeye. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika mwaka 2024, Yanga ilicheza mechi mbili na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini bila kufungwa hata bao moja, ikatolewa kwa mikwaju ya penalti tu. Bacca alikuwa katikati ya ngome hiyo. Msimu ulipokwisha alitangazwa mlinzi bora wa Ligi Kuu.

Sasa tujiulize. Je, Bacca wa 2022 na Bacca wa 2024 ni watu wawili? Bila shaka alijifunza mengi katika miaka hiyo miwili. Hata hivyo ni dhahiri kwamba mengi ya hayo hakuyajifunza akiwa ameketi. Kumkaba mshambuliaji mwenye mbio, kujua lini utoke na lini ubaki, kuelewana na mwenzako kwa kutazamana tu, haya hufundishwa na mechi, tena mechi zinazofuatana. Benchi humfundisha mtu subira, na subira ni jambo jema, lakini haijapata kuondoa mpira wa kona.

Ugumu wa jambo hili uko katika asili ya kazi yenyewe. Mshambuliaji anaweza kukosa mabao manne ya wazi, akafunga la tano, na jioni akabebwa mabegani. Mlinzi huweza kufanya kazi yake sawasawa kwa dakika 89, akateleza mara moja, na jina lake likawa ndilo linalotajwa na watangazaji usiku kucha. Kazi yake ikiwa njema haionekani, maana alama yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Kiungo mkabaji naye ni hivyo hivyo. Watu wa namna hii ndio wanaosahauliwa upesi, na wakisahauliwa ndio wanaopimwa kwa kipimo kibaya kuliko vyote. Mlinzi wa akiba huingizwa dakika ya 80, timu imekwisha kufungwa mabao matatu, wenzake wamekata tamaa, naye mwili haujapata joto. Likiingia bao la nne, kocha husema: mmeona sasa kwa nini simpangi?

Watumishi wa Serikali wanaosoma ukurasa huu wanaifahamu hali hiyo bila kuwa wachezaji. Katika ofisi nyingi yuko mtu anayekaimu mwaka baada ya mwaka, anayeandika barua zote, anayejua kila faili lilipo, na siku nafasi inapojazwa analetwa mwingine mwenye jina. Akiuliza, huambiwa kwamba hajathibitisha uwezo wake. Atauthibitishaje katika kiti ambacho hajakalia?

Turudi Chunya. KenGold ilipanda Ligi Kuu baada ya kuwa bingwa wa Ligi ya Championship msimu wa 2023/24. Ilipanda kwa jasho la wachezaji ambao majina yao hayakuwa yakiandikwa kwa herufi kubwa katika magazeti. Ligi Kuu ikawa ngumu, kama ilivyo ngumu kwa kila mgeni, na nusu ya kwanza ya msimu ikaisha timu ikiwa mkiani. Ndipo katika dirisha dogo la usajili la Januari 2025 viongozi wakaleta majina: Bernard Morrison wa Ghana, aliyewahi kuvuma Yanga na Simba, Obrey Chirwa wa Zambia, na Kelvin Yondani, mlinzi mkongwe wa klabu hizo hizo mbili na wa Taifa Stars. Habari hizo zilienea nchi nzima. Kwa siku kadhaa Chunya ilisemwa kuliko ilivyosemwa kwa mabao yake yote.

Tarehe 5 Februari, 2025 timu hiyo ilikwenda Dar es Salaam ikafungwa na Yanga mabao 6 kwa 1. Mwisho wa msimu ikashuka daraja.

Hatuwalaumu viongozi wa KenGold kwa kutafuta msaada. Nyumba ikiungua mtu haulizi ndoo ni ya nani. Wala hatusemi kwamba vijana wa zamani wangeinusuru timu kama wangeachwa wenyewe. Hilo hakuna awezaye kuapa. Tunachosema ni kwamba dawa iliyochaguliwa ilikuwa ile ile inayochaguliwa na karibu kila klabu ya nchi hii inapougua, nayo ni jina. Jina hupokewa uwanja wa ndege, hupigwa picha na jezi, na hupewa namba kabla halijagusa mpira. Yule aliyekuwapo tangu mazoezi ya Julai husogezwa pembeni bila hata kuelezwa ni kosa gani alilofanya.

Wako wanaodhani kwamba tatizo hili ni la wachezaji wa kigeni, na kwamba likipunguzwa lile fungu la wageni 12 ambalo klabu ya Ligi Kuu iliruhusiwa kusajili msimu huo, mlinzi wetu wa benchi atapata namba. Hatukubaliani nao moja kwa moja. Yondani si mgeni. Ni Mtanzania, tena ni miongoni mwa walinzi hodari ambao nchi hii imepata kuwa nao. Kinachomzuia kijana wa benchi si hati ya kusafiria ya mwenzake bali ni mazoea ya kumpanga mtu kwa alivyocheza miaka mitano iliyopita. Na tukipunguza wageni bila kuyaacha mazoea hayo, tutakuwa tumebadili majina ya wapangwao huku benchi ikibaki pale pale na watu wale wale.

Kocha naye ana lake la kusema, na ni haki asikilizwe. Katika ligi yetu kocha hupimwa kwa mechi tatu. Akipoteza tatu na wachezaji wenye majina, atasema wachezaji wamemwangusha. Akipoteza tatu na vijana wasiojulikana, ataambiwa hajui kazi, na jioni hiyo hiyo ataonyeshwa mlango. KenGold yenyewe ilibadili kocha zaidi ya mara moja katika msimu huo mmoja. Mtu aliyekalia kiti cha moto namna hiyo hawezi kuwa na subira na mlinzi wa miaka ishirini. Kwa hiyo anayetaka vijana wapewe namba aanze kwanza kwa kumpa kocha wao muda, na madai haya tunayaelekeza kwa wenye klabu zaidi ya makocha wenyewe.

Nyanda za Juu Kusini hazina haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilipanda daraja la kwanza, na mwaka huo huo ikatwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Mbeya City ilipanda mwaka 2013, na msimu wake wa kwanza ikamaliza ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, ikiiacha Simba nyuma yake. Timu hizo mbili hazikuwa na majina ya kununua. Ziliwapanga vijana wao Jumamosi hii na Jumamosi ijayo kwa sababu rahisi kabisa, nayo ni kwamba hawakuwapo wengine wa kupangwa. Baadaye klabu kubwa zikafunga safari ya kuja kuwachukua. Sekilojo Chambua alitoka Tukuyu Stars akawa kiungo wa kutegemewa wa Yanga na Taifa Stars. Deus Kaseke alitoka Mbeya City akaenda Yanga mwaka 2015. Inashangaza kidogo kwamba uhaba ulifanya vizuri zaidi kazi ambayo hekima ilipaswa kuifanya.

Mfano mwingine unatoka mbali, katika mchezo wa besiboli wa Marekani, ambao hapa kwetu unachezwa na shule chache tu. Mwezi Juni 1925 klabu ya New York Yankees ilimweka benchi mchezaji wake mzoefu wa kituo cha kwanza, Wally Pipp, ikampanga kijana aitwaye Lou Gehrig. Gehrig hakutoka tena. Alicheza mechi 2,130 mfululizo hadi mwaka 1939, alipozuiwa na maradhi yaliyomwua miaka miwili baadaye. Jambo la kuangaliwa hapo ni kwamba mchezo huo una daftari la kila tendo: aliyepiga, aliyekosa, aliyedaka, aliyeangusha. Kijana akipangwa wiki mbili, kocha ana karatasi mbele yake, na mabishano hupungua.

Sisi daftari hilo hatunalo, au tunalo kwa wafungaji tu. Uliza katika kijiwe chochote nani alifunga bao la KenGold siku ile ya mabao sita, utajibiwa mara moja: Selemani Bwenzi, kwa shuti la mbali ambalo lilizungumzwa na watu wengi kuliko mabao yote sita ya Yanga. Alistahili sifa hizo. Lakini uliza ni mlinzi gani wa timu ile aliyeondoa mipira mingi zaidi katika msimu mzima, hutapata jibu Chunya, wala hutalipata Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetetea kijana wa benchi hana hoja ila hisia zake, na anayempinga vilevile.

Wana Chunya wanaufahamu ubaya wa kutupa kitu kabla ya kukipima. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na mchanga uliokwisha oshwa ulirundikwa kama takataka. Leo marudio hayo hayo hupelekwa kwenye plenti yakachenjuliwa upya, na watu wakapata riziki humo. Sio kila rundo lina dhahabu, na mwenye plenti anajua hivyo. Ndiyo maana huchukua sampuli kwanza.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wale wanaodai namba kwa huruma, kwamba fulani ni mwenyeji, amekaa benchi muda mrefu, basi naye aonjeshwe. Namba si posho. Mchezaji wa akiba anastahili sampuli iliyo ya haki: mechi tano au sita zinazofuatana, acheze tangu kipenga cha kwanza, katika nafasi anayoimudu, pembeni yake akiwa na mwenzi yule yule. Kila mechi iandikwe: mipira aliyoshinda na aliyoshindwa, pasi alizopoteza, mabao yaliyopitia upande wake. Asipofaa, aambiwe akionyeshwa karatasi. Akifaa, namba iwe yake, na jina lolote litakaloteremka katika dirisha dogo lianzie benchi kama yeye alivyoanzia.

Walimu wetu wanaweza kuanza jambo hili mapema kuliko klabu. Katika mashindano ya UMISSETA ni kawaida kikosi cha shule kujulikana hata kabla ya mazoezi, kwa kuwa wale wa mwaka jana wapo. Kijana wa kidato cha pili anayekaba vizuri hungoja hadi kidato cha nne, na wengine huacha mpira kabla ya kufika huko. Daftari la kurasa mia moja na kalamu vingetosha.

Baada ya kushuka, KenGold ililazimika kujipanga upya mbali na kamera. Katika ligi ya chini majina huwa machache na viwanja vina vumbi, na kocha huwa na nafasi ya kujaribu ambayo Ligi Kuu haimpi. Yule mlinzi wa benchi apangwe Jumamosi. Apangwe na Jumamosi inayofuata, hata kama ile ya kwanza bao lilipitia kwake.